Uwani walicheka, kwenye skrini kimya: kamera na taa katika filamu ya kuchekesha

Swali: *"Tuna kikundi cha maigizo hapa Morogoro na tumerekodi filamu fupi ya vichekesho ya dakika 15. Sini kubwa ni ya mshenga anayeleta posa. Anakaribishwa kiti ambacho mguu mmoja umevunjika na umeegeshwa kwenye tofali. Familia nzima inajua isipokuwa yeye. Tulipofanya mazoezi uwani, majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Tulipohariri na kuwaonyesha watu wale wale kwenye televisheni walikaa kimya, mmoja akauliza kama imeisha. Tulirekodi kwa simu nzuri. Tulipiga sura za karibu nyingi kwa sababu tuliambiwa vichekesho viko usoni, na kwa kuwa komedi inataka mwanga mwingi tuliwasha taa nne za halojeni, kila moja wati 1,000. Hata hivyo sura zimekuwa nyeusi na kanzu ya mshenga inawaka. Sasa tunachangishana tununue kamera ya kisasa. Ndiyo dawa? Au waigizaji wetu wanafaa jukwaani tu, filamu hawaiwezi?"*

Ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho maana naona ndilo linalowauma. Waigizaji wenu wanaweza. Jirani aliyekaa juu ya ndoo uwani hana sababu ya kumcheka mtu asiyechekesha. Kama walishika mbavu, basi hadithi ipo, maneno yapo na uigizaji upo. Kitu kimepotea kati ya uwa na skrini, na kwa maelezo yako naona kimepotea mahali pawili: pale mlipoiweka kamera, na jinsi mlivyoziwasha taa. Kamera ya bei kubwa haitakirudisha. Hizo pesa za mchango zitunzeni kwanza.

Hebu fikiria yule jirani alikuwa anafanya nini na macho yake. Anamwona mshenga akiikusanya kanzu yake ili akae. Jicho linaruka kwenye tofali. Linakwenda kwa mama mwenye nyumba, ambaye anatafuta maneno ya kumhamishia mgeni kwenye mkeka bila kumwaibisha mumewe. Linapita kwa baba, aliyejikausha kana kwamba kiti ni kizima. Linarudi kwenye tofali. Yote hayo kwa sekunde tatu nne, na kila mtu alichagua mwenyewe atazame wapi na lini. Kicheko kilitoka hapo hapo, katika kuviona vitu viwili kwa wakati mmoja: mtu asiyejua, na balaa linalomsubiri.

Kamera humnyang'anya mtazamaji uhuru huo. Anaona kile tu mlichomwonyesha, na anakiona wakati mlioutaka ninyi. Mlipompa uso wa mshenga peke yake, kisha tofali peke yake, kisha uso wa mama peke yake, mliukata ule uhusiano uliokuwa unachekesha. Mtazamaji ikabidi auunganishe upya kichwani: lile tofali lilikuwa chini ya kiti gani? Mama anamtazama nani? Akimaliza kuunganisha, mshenga ameshaanguka na kichekesho kimeshapoa. Kumwona mtu anaanguka tu hakuchekeshi sana; wengine hata humwonea huruma. Kinachochekesha ni kumwona akielekea kuanguka huku anamsifia bwana harusi.

Hili ni jambo la tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Mwaka 1928 mchekeshaji wa Kimarekani Buster Keaton, katika filamu ya *Steamboat Bill, Jr.*, alisimama mbele ya nyumba wakati wa kimbunga na ukuta mzima wa mbele ukamwangukia. Alipona kwa sababu uwazi wa dirisha la juu ulipita palepale aliposimama. Ukuta ulikuwa wa kweli, na tukio limepigwa kwa picha ya mbali inayomwonyesha mtu, nyumba na nafasi yote kwa pamoja. Kama angekata kutoka ukutani kwenda usoni na kurudi ukutani, tungejua ni ujanja wa mhariri na wala tusingeshtuka. Charlie Chaplin naye alipenda kupigwa mwili mzima, maana miguu yake ilikuwa nusu ya uchekeshaji wake. Picha ya karibu aliiwekea akiba. Mwishoni mwa *City Lights*, ya mwaka 1931, binti aliyekuwa kipofu anapomtambua, kamera inazisogelea nyuso zao, na hapo hatucheki tena, tunaguswa. Hata hapa nyumbani, mtazameni upya marehemu King Majuto, mtazameni mkao wake na mikono yake. Ukimkatia kifuani umempunguza.

Aliyewaambia vichekesho viko usoni hakuwadanganya, ila alimaliza nusu. Uso unaochekesha kwa karibu mara nyingi ni uso wa mtu *anayeelewa*, wala si wa yule anayetenda. Katika sini yenu uso huo ni wa mama. Yeye anajua kila kitu na hawezi kusema. Mkimpiga karibu wakati mshenga anajisogeza kitini, kila kope inayopepesa ni kichekesho. Uso wa mshenga hauna habari yoyote ya kutupa. Yeye hajui lolote, ametulia. Mimi nisingempiga karibu hata mara moja kabla hajagusa sakafu.

Ningeipiga hivi. Kamera juu ya stendi, kwenye kimo cha macho ya mtu aliyekaa, kama mita moja kutoka chini. Nashuku mpiga picha wenu alikuwa amesimama na simu mkononi. Sini ya watu waliokaa ikipigwa hivyo, wote huonekana wametazamwa kutoka juu, utosi ndio unakuja mbele, na macho, ambayo ndiyo mnayoyahitaji, yanafunikwa na nyusi. Kiti kibovu kiwe karibu na kamera kuliko watu wengine, kikae upande mmoja wa picha, tofali lionekane wazi pembeni chini. Baba awe kwenye kochi nyuma kidogo. Mama awe mbali zaidi, mlangoni, na sinia la chai mkononi. Mmoja mbele, mmoja katikati, mmoja nyuma, wote ndani ya picha moja, na tofali nalo ni mwigizaji wa nne. Tofali la saruji likikaa kwenye sakafu ya saruji halitaonekana kabisa. Tafuteni la kuchoma, jekundu, na hakikisheni pindo la kanzu haliangukii juu yake.

Kamera isitikisike wala isifuate mtu. Igizeni yote, tangu hodi mpaka anapoanguka, bila kukata. Rudieni mara kadhaa mpaka mridhike. Baada ya hapo ndipo msogee mchukue uso wa mama, kisha wa baba, kila mmoja akiigiza sini yote tangu mwanzo, ili mhariri awe na nafasi ya kuchagua.

Faida nyingine ya picha ndefu ya mbali ni mwendo. Ndani yake mwendo wa kichekesho uko mikononi mwa waigizaji, na wenu waliupata uwani, mbele ya watu halisi. Wanajua mshenga anyanyuke kidogo lini ili roho za watu zitulie, kisha arudi kukaa kwa uzito zaidi. Kila mnapokata, mnautoa mwendo huo kwao na kumkabidhi mhariri. Mhariri mzuri ataulinda. Mhariri mwenye haraka atakata mara tu mshenga anapofika chini, na nadhani ndilo lililotokea kwenu, ndiyo maana mtu akauliza kama imeisha. Baada ya anguko iacheni picha ikae, sekunde tatu hata nne. Baba anywe chai. Mama asimame na sinia lake. Watu hucheka baada ya tukio, na wasipopewa muda kicheko kinakatwa kabla hakijatoka.

Ugumu wa ushauri wangu upo, na sitaki kuuficha. Watazamaji wenu wengi watatumia simu, na kwenye kioo cha inchi sita picha ya mbali inamfanya mtu awe mdogo kama kidole. Dawa yake ni kupanga watu karibu karibu, kuondoa vitu visivyohusika nyuma yao, na kuwapa rangi zinazotofautiana na ukuta, ili hata kwenye picha ndogo jicho lijue pa kwenda. Na kama mnataka vipande vya kusimama wima kwa ajili ya mitandao, basi viigizeni upya kwa ajili hiyo. Picha ya wima haiwezi kubeba watu watatu waliokaa bega kwa bega. Wapangeni mmoja nyuma ya mwingine. Kuichukua picha ya ulalo na kuikata pembeni ili iwe wima kutawapotezea ama mama ama tofali, na vyote viwili ndivyo sini yenyewe.

Sasa taa. Imani kwamba komedi lazima iwe na mwanga mwingi kila pembe ina asili yake. Mwaka 1951 huko Marekani walipoanza kurekodi komedi ya televisheni *I Love Lucy* kwa kamera tatu za filamu zinazofanya kazi kwa pamoja mbele ya watazamaji, mpiga picha mkuu alikuwa Karl Freund, mtu mwenye uzoefu mkubwa wa vivuli vizito. Yeye ni mmoja wa walioipiga filamu ya *Metropolis* ya mwaka 1927 kule Ujerumani. Alijua kabisa kuchonga sura kwa giza na nuru. Lakini kamera tatu zinatazama kutoka pande tatu, na watu waliokaa wanasubiri kuendelea kucheka. Hakuna nafasi ya kusimamisha kazi na kuhamisha taa kila kamera inapohama. Kwa hiyo akazitundika taa juu na kuusambaza mwanga sawasawa jukwaa zima. Ilikuwa suluhisho la tatizo la kazi. Komedi za televisheni zikafuata mtindo huo, na macho yetu yakazoea kuuhusisha na kucheka.

Ninyi mna kamera moja na hamna watazamaji wanaosubiri. Halazimishwi mtu wa namna yenu kuwasha kila pembe. Tazama *Dr. Strangelove*, komedi ya Stanley Kubrick ya mwaka 1964: ukumbi mkubwa wa vita, giza limetanda pembeni, duara la taa linaning'inia juu ya meza na kuwamulika wakubwa waliokaa chini yake. Mwanga ule ungefaa filamu nzito ya vita vya nyuklia. Kwa sababu ukumbi unaonekana wa kweli na wa kutisha, upuuzi wanaoongea wale wakubwa unachekesha maradufu. Huu ndio msimamo wangu na nausimamia: mshenga hajui kwamba yumo kwenye komedi. Kwake hii ni siku ya heshima. Basi mwanga nao uiheshimu siku yake. Mmulikieni kama mtu mzima aliyekuja kwa jambo zito, mchana, sebuleni, nuru ikiingia kutoka dirishani.

Kwa nini taa nne zenu zilishindwa? Hapa kuna jambo la kitaalamu ambalo wengi hawalijui, na likikuelea litakusaidia maisha yote. Simu haijui kwamba uso ndio muhimu. Ikiwa imeachwa ijiamulie, inaangalia picha nzima na kutafuta wastani wa mwanga. Mna ukuta mweupe na kanzu nyeupe. Simu inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Ngozi yetu inarudisha mwanga mdogo kuliko kanzu, kwa hiyo ndiyo inayozama gizani. Mkaongeza taa. Lakini taa zilipouangaza uso ziliiangaza na kanzu na ukuta pia, kwa kiasi kile kile, na simu ikapunguza tena. Mngewasha hata taa kumi, uwiano kati ya uso na kanzu ungebaki pale pale. Kinachotakiwa ni kuubadilisha uwiano.

Anzeni na vitu visivyo na gharama. Waigizaji wasogee mbele, angalau mita mbili kutoka ukutani. Mwanga hupungua haraka kwa umbali: umbali ukiwa mara mbili, inabaki robo, ukiwa mara tatu, sehemu moja ya tisa. Taa ikiwa mita moja na nusu kutoka usoni, na ukuta uko mita nne na nusu kutoka kwenye taa hiyo hiyo, ukuta unapata sehemu moja ya tisa ya mwanga unaoupata uso. Ukuta unatulia, uso unatoka mbele, na vile vivuli vinne mgongoni mwa kila mtu vinapotea. Kanzu nyeupe ya dukani badilisheni, mpeni mshenga ya rangi ya maziwa au kahawia hafifu. Kwenye picha bado itaonekana safi na ya heshima. Kama lazima iwe nyeupe, shikeni kipande cha boksi kati ya taa na kifua chake, nje ya picha, kivuli kiangukie kanzu na uso ubaki kwenye nuru. Kisha gusa uso kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka ijifunge, ili isibadilishe mwanga kila mtu anapopita.

Taa yenyewe isimpige mtu usoni moja kwa moja. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mng'ao wake, na mng'ao huo hutokea pale chanzo cha mwanga kinapokuwa kikubwa na kiko upande. Ielekezeni taa moja kwenye ukuta mweupe wa pembeni au darini, mwanga urudi ukiwa umepanuka. Utaona shavu linachora umbo lake na macho yanapata nukta ya nuru. Nukta hiyo ni muhimu mno kwa mama mlangoni. Bila hiyo hatuoni anatazama wapi, na sini nzima inategemea anatazama wapi. Msitundike shuka karibu na halojeni kulainisha mwanga. Taa zile zina joto kali na kitambaa huungua.

Mkihamia taa za LED za bei nafuu, wekeni simu kwenye fremu (picha) 25 kwa sekunde na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, na mkirekodi kwa fremu 30, kama simu nyingi zinavyokuja, na shata 1/60, taa hizo zinaweza kuleta mawimbi ya giza kwenye picha. Sini za nje zipigeni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Jua la utosini huchimba mashimo meusi machoni, na mchekeshaji asiyeonekana macho ana kazi ngumu.

Turudi kwenye pesa zenu. Mna njia tatu. Kununua kamera: baadaye, mkishajua kuitumia simu mliyonayo mpaka ikawabana kweli. Kuokoa mlichorekodi: inawezekana kama mlirekodi kwa 4K, ubora wenye nukta mara mbili kwa upana na kwa kimo kuliko 1080, na mna picha yoyote ya mbali, maana mkitoa filamu kwa 1080 mnaweza kuikaribisha picha hiyo hadi mara mbili bila kupoteza ubora, mkapata uso wa mama humo humo. Lakini kutoka kwenye picha ya karibu hamuwezi kutengeneza ya mbali, kisichorekodiwa hakipo. Njia ya tatu, ambayo ningeifuata mimi, ni kurudia sini hii moja tu, kwa siku moja, na kuziacha nyingine zilivyo mpaka muone tofauti.

Kabla ya siku hiyo kuna mambo mawili ambayo maandishi hayatoshi. La kwanza ni umeme. Taa nne za wati 1,000 kwenye waya mmoja wa kuunganishia zinavuta zaidi ya ampea 17 kwa volti 230, wakati plagi ya pini tatu imetengenezwa kwa 13. Kama waya ulikuwa wa moto mlipougusa, mlikuwa karibu na ajali. Mwiteni fundi umeme mwenye leseni aje aone nyumba mnayorekodia na awaambie kila soketi ibebe nini. La pili ni anguko lenyewe. Uwani ameanguka mara chache akiwa na furaha. Siku ya kurekodi ataanguka mara nyingi akiwa amechoka, na mgongo hauna spea. Tafuteni mwalimu wa judo au wa sarakasi amfundishe kuanguka, wekeni godoro jembamba chini ya mkeka, na seremala akikate kiti ili kivunjike upande mmoja unaojulikana. Kama kuna mpiga picha mzoefu wa harusi au wa televisheni hapo mjini, mwombeni aje saa moja tu mkipanga taa. Atakachowaonyesha kwa mkono, mimi siwezi kukiandika chote.

Mkimaliza, msiwaonyeshe wale majirani, wameshajua kitakachotokea. Tafuteni watu wasioijua hadithi, wawekeeni filamu, ninyi kaeni pembeni mzitazame nyuso zao. Wakianza kucheka tangu mshenga anapokaribishwa kiti, picha imefanya kazi. Wakicheka pale tu anapoanguka, hawakuliona tofali; rudini mkaangalie liko wapi kwenye picha na mwanga gani unalifikia.